Steringi Hafi

Wengi niliosoma nao Korogwe hawajui kwamba wilaya yetu iliwahi kuwa na studio ya filamu. Ilikuwa juu Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, na mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka Carnegie Corporation ya New York. Meja L. A. Notcutt, ambaye kabla ya hapo alisimamia mashamba huku Afrika Mashariki, aliongoza upigaji picha, na G. C. Latham akashika upande wa elimu. Walitengeneza filamu 35: za safura, za mmomonyoko wa udongo, za kodi, za akiba ya posta. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, halafu lori likapakia mitambo na kitambaa cheupe, likazunguka Tanganyika, Kenya na Uganda, mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Babu mzaa baba alikuwa mtoto huko milimani lori lilipopita. Filamu aliikumbuka kwa taabu. Alichokumbuka vizuri ni ubishi. Kwenye picha kulikuwa na mtu anachimba choo ili watu wasiugue, na wazee wa kijiji, badala ya kuzungumzia choo, walibishana hadi usiku wa manane kama yule mchimbaji alilipwa, na kama alilipwa, kalipwa na nani, na kwa nini kazi hiyo asipewe mtu wa hapa. "Na hakuna aliyechimba," babu alimalizia kila aliposimulia, akicheka mpaka anakohoa.

Mwaka 1937 Latham na Notcutt walitoa kitabu juu ya kazi yao, The African and the Cinema. Mradi ule ulisimama juu ya imani moja: Mwafrika akionyeshwa jambo kwenye kitambaa, atalifuata. Akionyeshwa choo atachimba, akionyeshwa filamu za ovyo kutoka Marekani ataharibika. Imani hiyo haikuondoka Vugiri pamoja na mitambo. William Sellers, aliyeongoza Colonial Film Unit kuanzia 1939, aliigeuza karibu iwe sayansi: filamu za Waafrika ziende polepole na picha zisirukeruke, wasije wakachanganyikiwa. Hata leo, kila bodi ya filamu ya nchi zetu inapoeleza kwa nini imefungia kazi ya mtu, hoja huwa ni ileile, isipokuwa anayeitoa sasa ni mwenzetu: watazamaji hawa wataiga.

Mimi nimekulia mlangoni mwa banda la video, kwa hiyo naomba nami nitoe ushahidi.

Mjomba, kaka yake mama, alifungua banda lake Chanika, Handeni mjini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati televisheni ilikuwa bado haijaanza Tanzania Bara. Kwa Wazigua mjomba hasemi jambo mara mbili. Aliposema likizo nikamsaidie, mama alinipakia gari Korogwe nami nikala vumbi kilomita 65; lami ilikuja miaka mingi baadaye. Banda lilikuwa la mabanzi na mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi yamebanana, televisheni moja na deki juu ya meza, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Kazi yangu ilikuwa kukusanya hela mlangoni. Mara nyingi nilikuwa msichana pekee mle ndani, lakini nilikuwa mpwa wa mwenye banda, na hilo lilitosha.

Mkalimani wetu alikuwa kijana aliyewahi kukaa Tanga, na Kihindi chake kilikuwa cha kukisia. Za Kihindi, za Kichina, za Kimarekani, zote alizitafsiri kwa ujasiri uleule. Watu walijua anatunga, wakamkosoa palepale. "Muongo wewe, jana ulisema huyo ni mchumba, leo kawa dada?" Sheria za banda zilijulikana hata kwa watoto. Steringi hafi. Akipigwa risasi ni ya bega. Adui naye hafi mapema, maana kiingilio kimelipwa cha picha nzima. Mkanda ambao steringi alikufa ulileta kelele za watu wanaodai hela zao, na Mjomba akajifunza kumuuliza mwenye duka la mikanda kabla hajakodi: steringi anakufa? Kama anakufa, mkanda ulibaki Tanga.

Ni kweli watoto walirushiana mateke ya Bruce Lee njia nzima hadi nyumbani. Sitaki kudanganya kwamba picha haina nguvu. Lakini sikumbuki mtu mzima aliyeingia mle na imani moja akatoka na nyingine kwa kuonyeshwa tu. Walitoka na hoja. Mke aliyemfumania mumewe kwenye filamu alijadiliwa kisimani na kwenye mashine ya kusaga kwa wiki nzima, na kila mtu alimhukumu kwa kadiri ya ndoa yake mwenyewe.

Mmoja wa wateja wa kudumu alikuwa fundi cherehani. Mwanamume wa makamo, msafi kupita kiasi, anaongea kwa mikono. Alishona nguo za harusi za nusu ya mji, alikaa vibarazani na wanawake, na wote walijua alivyo bila mtu kulazimika kulitaja. Siku moja ukaja mkanda wa Sadak, filamu ya Mahesh Bhatt ya mwaka 1991. Adui wake anaitwa Maharani, ni hijra, mmoja wa wale watu wa India wasiohesabiwa wanaume wala wanawake: anavaa sari, anapaka rangi midomoni, ana danguro, ananunua na kuuza wasichana. Sadashiv Amrapurkar, aliyemwigiza, alipata tuzo ya Filmfare ya adui bora, na ukiona anavyocheka utajua kwa nini.

Maharani alipotokea, mkalimani alikwama. Kisha akaona njia rahisi: akaacha kutafsiri, akaanza mzaha, huku anaangalia benchi la tatu alipokaa fundi. Vijana wakageuza shingo. Fundi hakuinuka. "Wewe tafsiri picha," alisema. "Huyo ni adui kwa sababu anauza watoto wa watu. Sari haina kosa. Na aliyemfunga hiyo sari hajui kazi, tazama bega."

Banda zima liliangua kicheko, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mzee mmoja akasema fundi kasema haki, mwovu ni mwovu hata akivaa kanzu. Mwingine akasema mwanamume akishavaa sari hayo mengine yanamfuata mwenyewe. Fundi akamuuliza: je, shekhe fulani na mchuuzi fulani wa mji ule, waliokuwa na kesi za kuoza mabinti wadogo, walivaa sari? Picha iliendelea bila mtazamaji, mpaka Mjomba akalazimika kurudisha mkanda nyuma. Tangu hapo nimekaa kwenye semina nyingi zenye vipaza sauti na maji ya chupa kuhusu filamu na jinsia, na sijasikia uchambuzi wa Maharani unaoushinda ule wa benchi la tatu.

Februari 2015 nilikuwa Berlin kwa masomo, na kwenye tamasha la filamu la mji ule ilikuwapo Stories of Our Lives, kutoka Nairobi. Ni filamu fupi tano, nyeusi na nyeupe, zote pamoja kama saa moja hivi. Kundi la The Nest lilikuwa limekusanya simulizi za Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao, na Jim Chuchu akaongoza filamu zilizotokana nazo, kwa kamera ndogo na bajeti ya kubana. Zilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2014, wengi wa waliozitengeneza hawakutajwa majina. Mwezi uliofuata bodi ya filamu ya Kenya ikazifungia, na mtayarishaji George Gachara akakamatwa kwa kosa la kupiga filamu bila leseni.

Ukumbi ulijaa Wajerumani waliotulia kana kwamba wako kanisani. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa wachache, tumetawanyika, lakini haukupita muda tukawa tumeshajuana tulipo, maana tulicheka kabla maandishi ya chini hayajatokea. Katika filamu ya wanafunzi wawili wa kike, Kate na Faith, wanaotenganishwa na mwalimu mkuu, mtu aliyekaa nyuma yangu alisema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Hapo akiitwa mzazi tu, kwisha." Nani aliyesoma bweni asiyeijua ofisi ile? Jirani yake Mjerumani akamgeukia akamwomba anyamaze. Nilitamani kumwambia yule Mjerumani kwamba huyu ndiye anayeitazama vizuri.

Kuna nyingine inaitwa Athman, ya marafiki wawili wanaofanya kazi pamoja. Ray anaumia kwa sababu Athman anamchekea msichana mgeni, na kisa chote kinabebwa na mazungumzo yao, ya mtu anayesema nusu na mwingine anayejifanya hakusikia nusu ya pili. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nione kilichopungua mle ukumbini. Watu walipiga makofi kwa heshima. Jopo la Teddy likaipa filamu tuzo yake. Waliokuwa jirani yangu wakaulizana, kwa huruma ya kweli, hali za watu wale zikoje. Lakini filamu zile hazikuomba kuhurumiwa. Zilihitaji mtu wa kuzibishia: aseme Kate ni mjeuri tu, au kwamba Athman anajua sana anachofanya. Mtu huyo alikuwa Kenya, na Kenya ilikuwa imekatazwa kuziona.

Septemba 2018 nilipata kuona upande wa pili. Filamu ilikuwa Rafiki ya Wanuri Kahiu, si fupi hii, na imetokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja mtaani, na wanapendana. Mei mwaka ule ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes. Aprili, kabla haijafika huko, bodi ilikuwa imeshaifungia. Kahiu alieleza kwamba aliambiwa abadili mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na Kena haonyeshi majuto. Akakataa, akaenda mahakamani, akipinga sheria ya filamu iliyotungwa 1962, Kenya ikiwa bado koloni. Tarehe 21 Septemba Jaji Wilfrida Okwany akaruhusu ionyeshwe kwa watu wazima siku saba, ili iweze kufikiriwa kwa Oscar. Alisema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi ya maadili yake kutikiswa kwa kutazama filamu ya namna ile. Katika historia yote tangu Vugiri, nilikuwa sijasikia mtu mwenye mamlaka akimsema mtazamaji hivyo.

Nilikuwa Nairobi kikazi, nikaenda Prestige, barabara ya Ngong. Foleni ilikuwa ya watu wa kila aina: wapenzi waliovaa rangi rangi kwa makusudi, wanafunzi wa chuo, wamama wawili wenye mikoba ya kazini, na kijana mmoja aliyekuwa akiniambia mimi na kila aliyemkaribia kwamba yeye amekuja kuangalia tu. Ndani hakukuwa na kanisa. Kuna Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula na mdomo usiopumzika, na kila alipofungua kinywa ukumbi ulimjibu. Kila mmoja alikuwa na Mama Atim wa mtaa wake. Wale mabinti walipovamiwa na kundi la watu na kupigwa, hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja wa mikoba akaanza kusema "wamwache, wamwache," taratibu, mpaka mwenzake akamshika mkono. Baba yake Kena alipogoma kumtosa bintiye, huku anajua kura zinakwenda na maji, watu walipiga makofi. Si wote. Mwanamume wa safu ya mbele yangu alikunja mikono na kusema, "Huyo ndiye aliyemharibu." Mkewe, nadhani alikuwa mkewe, akamwambia, "Wewe ungemfanyaje?" Hakujibu, au alijibu nikashindwa kusikia, maana na wengine walikuwa wameingia kwenye mazungumzo yale.

Baadaye kamati ya Kenya ilipeleka Supa Modo kwenye Oscar, filamu nzuri pia, na Aprili 2020 Jaji mwingine, James Makau, akaihalalisha marufuku ya Rafiki. Siku saba zikabaki siku saba. Kampala hata hizo hazikupatikana: Desemba 2017 polisi walivamia tamasha la filamu za wapenzi wa jinsia moja na kulivunja.

Sisi Tanzania tusijidai kuwashangaa. Kwa kujamiiana kinyume cha maumbile, kama sheria inavyokuita, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30. Mwezi mmoja baada ya Rafiki kuonyeshwa Nairobi, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na akaomba wananchi wampelekee majina. Siku chache baadaye serikali ikasema hayo ni maoni yake binafsi. Majina yalikuwa yameshaanza kutumwa. Nilimfikiria fundi, aliyehamia Tanga zamani na cherehani yake akamwachia mwanafunzi wake. Mji uliomjua ulikuwa ukimbishia uso kwa uso na kumpelekea vitambaa. Simu haibishani na mtu, inatuma jina.

Novemba nilikwenda Handeni kumsalimia Mjomba. Banda sasa ni la matofali, lina dishi, na nje kuna ubao wa ratiba ulioandikwa kwa chaki. Picha hazina biashara tena, kila mtu anazo kwenye simu na anaangalia peke yake chini ya shuka; kinacholipa ni mpira. Redio ilikuwa imeshamwambia habari za Dar. Alijua pia kwamba nilikuwa Nairobi.

"Hiyo picha ya wasichana, umeiona kweli?"

"Nimeiona, Mjomba."

Akahesabu chenji yake yote kwanza. "Steringi anakufa?"

"Hafi. Mwenzake anapelekwa Ulaya, halafu miaka inapita anarudi."

"Anaomba msamaha?"

"Bodi ndicho walichotaka. Mwenye filamu kakataa."

Mjomba akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu wa biashara. "Sasa hao bodi walitaka nani alipe hela aje kumwona steringi anaomba msamaha?"

Nilimuuliza kama angeweza kuionyesha. Akaniangalia. "Hapa? Hapana, mama. Leseni ina jina langu, na mimi msimamo wangu kwa mambo hayo unaujua." Naujua. Ni mtu wa swala tano, na hajawahi kuficha kwamba kwake ni dhambi. "Lakini mechi bado nusu saa. Nisimulie mimi."

Nikamsimulia yeye, kwa sauti ya kawaida, lakini banda halina ukuta wa ndani, na vijana waliowahi nafasi za mbele wakaanza kugeuka. Wawili walisema papo hapo kwamba hiyo ni laana, mmoja akachomoa simu yake na kutulia nayo asitusikie. Waliobaki walitaka kujua mambo ambayo sikutarajia. Mama Atim alikuwa anauza nini? Wale wagombea walikuwa chama kimoja? Baba wa yule wa pili alikuwa na hela kiasi gani mpaka akampeleka mtoto Ulaya badala ya kumpiga? Nilipofika kwa baba yake Kena, kijana wa jezi ya Yanga akasimama kabisa.

"Huyo mzee hana akili. Kura zote zile?"

"Kura zinarudi baada ya miaka mitano," mwenzake akamjibu. "Mtoto unamtoa wapi?"

"Mimi binti yangu akinifanyia hivyo, simtambui."

"Binti unaye?"

"Sina. Nasema nikiwa naye."

"Mke unaye?"

Wakacheka mpaka wa simu akainua kichwa kuuliza kuna nini. Timu zilikuwa zinaingia uwanjani. Mjomba akaongeza sauti ya televisheni na kumwambia wa jezi akae chini, anawaziba wenzake.